Jinsi ya kuambisha maneno ya Kiesperanto ukianzia kwenye Kiswahili chako

Wengi wa hapa Dar wanaojifunza Kiesperanto hupitia Kiingereza, kwa sababu kozi na vitabu vilivyo karibu vimeandikwa kwa Kiingereza. Nawaomba waache. Kiesperanto ni lugha ya kubuni iliyotolewa Warsaw mwaka 1887 na L. L. Zamenhof, daktari wa macho, na sarufi yake aliifupisha kuwa kanuni 16. Nyingi kati ya kanuni hizo zinahusu mzizi na viambishi, na hilo ni jambo ambalo Mswahili hulifanya tangu anapoanza kuongea. Anayesema "hatukuwaambia" amekwisha kupanga vipande vitano kwa mstari bila kufikiri. Mwingereza ndiye anayehitaji kurasa nyingi za kuelezwa. Sisi tunahitaji kujua vipande gani vimehamia wapi, halafu tukae na yale machache yanayotutega kweli.

Mwongozo huu unakwenda kwa mtindo huo. Andaa daftari. Kila hatua tunga sentensi zako mwenyewe kuhusu mambo unayoyaona kila siku: foleni, pantoni ya Kigamboni, bei ya nyanya.

Hatua ya 1: Sauti

Hii ipite haraka. Irabu ni tano zilezile: a, e, i, o, u. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Herufi j husomwa kama y yetu, c husomwa ts, ĉ ni ch, ĝ ni j, ŝ ni sh, ĥ ni kh. Kwa hiyo "libroj" soma "libroy". Ukikosa herufi zenye kofia kwenye simu, andika x baada ya herufi: cx, gx, sx. Watu wote wa Kiesperanto wanaielewa njia hiyo. Kibodi ya Gboard nayo ina Kiesperanto, iongeze kwenye mipangilio.

Hatua ya 2: Tenganisha mzizi na mkia

Kwetu mzizi -som- hubeba viambishi mbele na nyuma. Kwenye Kiesperanto, uambishaji wa kisarufi umekaa nyuma tu. Chukua mzizi parol-, wenye maana ya kusema:

parolo = msemo, maneno (nomino huishia na o)
parola = -a kusema, ya mdomo (kivumishi huishia na a)
parole = kwa mdomo (kielezi huishia na e)
paroli = kusema (kitenzi kisichonyumbuliwa huishia na i)

Irabu ya mwisho inakwambia neno ni la aina gani. Hakuna nomino inayokwepa o, hakuna kivumishi kinachokwepa a. Kabla ya kwenda mbele, chukua mizizi kumi na uipitishe kwenye mikia hiyo minne kwa sauti.

Hatua ya 3: Vitenzi

Mikia ya kitenzi ni sita. Mzizi leg- ni kusoma:

legi = kusoma
legas = -nasoma, -asoma, husoma
legis = -lisoma, -mesoma
legos = -tasoma
legus = -ngesoma, -ngalisoma
legu = soma!, -some

Hakuna kitenzi kinachokwenda kinyume. Kuwa ni "esti", nacho hufuata mikia hiyohiyo: estas, estis, estos.

Tofauti kubwa na kwetu ni nafsi. Kiswahili huweka nafsi ndani ya kitenzi: ninasoma, unasoma, wanasoma. Kiesperanto kinasema "legas" kwa watu wote, kwa hiyo kiwakilishi lazima kitamkwe: mi legas, vi legas, ili legas. Usikidondoshe. Kitenzi hukaa peke yake kwenye mambo kama hali ya hewa tu: "Pluvas", yaani mvua inanyesha.

Ukanushi ni mwepesi kuliko wetu. Sisi tunabadili kitenzi kizima: ninasoma, sisomi, sikusoma. Wao huweka "ne" mbele ya kitenzi na kuendelea: mi ne legas, mi ne legis, mi ne legos. Angalia mahali pa "ne" tu, kwa sababu "ne mi legas" maana yake ni kwamba anayesoma si mimi, ni mwingine.

Sasa kaa hapa kidogo, kwenye -me-. Kwenye orodha nimeiweka pamoja na -li- chini ya mkia -is, na mara nyingi ni sawa. "Nimefika Ubungo" ni "mi alvenis". "Nimeshakula" ni "mi jam manĝis", ambapo "jam" inafanya kazi ya -sha-. "Sijala" ni "mi ankoraŭ ne manĝis". Lakini -me- yetu ina kazi ya pili, ya kuonyesha hali iliyopo sasa hivi, na hapo -is inakupoteza. Konda akisema abiria wa nyuma amelala, ana maana yuko usingizini sasa. Kwa Kiesperanto ni:

La pasaĝero dormas.

Ukisema "dormis" umesema alilala, pengine jana. Vivyo hivyo amesimama ni "staras", amekaa ni "sidas", amechoka ni "estas laca". Jiulize: je, hali bado inaendelea? Kama ndiyo, mkia ni -as. Hakuna kozi ya Kiingereza itakayokutahadharisha juu ya hili, kwa sababu Mwingereza hana -me-.

Kwingine Kiswahili kinakubeba kabisa. Tazama sentensi ya masharti:

Ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba.
Se mi havus monon, mi aĉetus domon.

-nge- mbili, -us mbili. Mtu aliyepitia Kiingereza ataweka -is upande wa kwanza na kukosea. Mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili hawezi.

Tazama pia "nataka uje": mi volas, ke vi venu. Ile -e ya "uje" ni -u ya "venu". "Twende" ni "ni iru". "Aingie" ni "li eniru". Kila unapoweka -e hiyo kwenye Kiswahili, karibu kila mara weka -u.

Na tazama maneno yaliyoripotiwa. "Asha alisema anaumwa" ni "Asha diris, ke ŝi estas malsana". Njeo (wakati wa kitenzi) inabaki kama msemaji mwenyewe alivyoitamka, kama kwetu. Waliofundishwa shuleni kurudisha kila kitu nyuma kwenye wakati uliopita waiache kanuni hiyo mlangoni.

-ki- ina sura mbili. Ya sharti hutumia "se" na njeo ya kawaida: "Mvua ikinyesha, nitabaki nyumbani" ni "Se pluvos, mi restos hejme". Ya matendo yanayokwenda pamoja hutumia mkia -ante: "Alikuja akikimbia" ni "Li venis kurante". Nayo -ka- ya masimulizi haina mwenzake. Rudia -is tu hadi hadithi iishe.

Hatua ya 4: Nomino na vivumishi

Ngeli zote, kuanzia M-WA hadi PA-KU-MU, zinaingia kwenye mlango mmoja wa -o. Wingi ni -j. Libro, libroj. Domo, domoj.

Upatanisho upo, na hutaona kitu kigeni. Kitabu kikubwa, vitabu vikubwa: granda libro, grandaj libroj. Kivumishi hufuata nomino kwa idadi hata kikiwa mbali: "La libroj estas grandaj."

Matego ni mawili. La kwanza, kwetu maneno mengi hayabadiliki kwenye wingi: ndizi moja, ndizi tatu. Kiesperanto hakisamehe: banano, tri bananoj. La pili, kwetu namba nyingine hupatana: samaki wawili, vikombe viwili. Kwao "du" haiguswi kamwe. Ni "du fiŝoj" na "du tasoj".

Halafu kuna "la", ambayo huonyesha kwamba kitu kinajulikana. Haibadiliki kwa umoja wala wingi. Wanafunzi wengi huiweka kila mahali au huiacha kabisa, lakini Kiswahili kina kipimo chake kizuri. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ile -ki- inaonyesha kwamba tunakijua kitabu tunachokizungumzia. Basi ya kwanza ni "mi legis libron", ya pili ni "mi legis la libron". Kwa vitu visivyo na uhai kipimo hiki ni cha kutegemewa. Kwa watu hakifai, maana kwa watu kiambishi cha yambwa (cha anayetendewa) huwekwa karibu siku zote.

Hatua ya 5: Mkia -n

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Mkia -n huonyesha anayetendewa. Hukaa mwisho kabisa, baada ya -o au -oj, na kivumishi huufuata:

La hundo mordis la knabon. (Mbwa amemng'ata mvulana.)
Mi aĉetis du grandajn fiŝojn. (Nimenunua samaki wawili wakubwa.)

Faida yake ni uhuru wa mpangilio. "La knabon mordis la hundo" bado maana yake ni kwamba mbwa ndiye aliyeng'ata. Kwetu kazi hiyo hufanywa na -m- ndani ya kitenzi: "Mvulana, mbwa amemng'ata". Kazi ni ileile, imehama kutoka kwenye kitenzi na kwenda kwenye nomino yenyewe.

Kutokana na hapo tunapata kipimo. Chukua sentensi ya Kiswahili na ujaribu kuchomeka kiambishi cha yambwa kwa ajili ya nomino unayoitilia shaka. "Mama amepika wali": mama ameupika. Inawezekana, basi wali unapata -n: "Patrino kuiris rizon". "Juma ni mwalimu": huwezi kuchomeka chochote kwenye "ni", basi hakuna -n: "Juma estas instruisto". Kipimo hiki kinaziba kosa la kuweka -n baada ya "estas", ambalo hurudi mara nyingi kwa waanzaji.

Lakini kipimo kina mahali kinapodanganya, nako ni kwenye -pa na kwenye vitenzi vya kutendea, vile vya -ia na -ea. "Nimempa Asha kitabu": -m- ni ya Asha. Ukifuata kipimo kama kipofu utampa Asha ile -n. Kiesperanto kinataka kilichotolewa ndicho kipate -n, na mpokeaji awekewe "al":

Mi donis libron al Asha.

"Nilimwandikia mama barua" ni "Mi skribis leteron al patrino". "Nilimpikia baba wali" ni "Mi kuiris rizon por patro", kwa sababu pale -ia ina maana ya "kwa ajili ya". Kwa hiyo kabla ya kupima, kivue kitenzi chako: andikia kiwe andika, pikia kiwe pika. Anayeshikwa na kitenzi kilichovuliwa ndiye wa -n. Aliyeletwa na -ia anapata kihusishi.

Baada ya kihusishi kwa kawaida hakuna -n: "en la domo", "kun amiko", "al Kariakoo". Isipokuwa unapoonyesha kuingia mahali. Linganisha:

La infano kuras en la domo. (Mtoto anakimbia akiwa ndani ya nyumba.)
La infano kuras en la domon. (Mtoto anakimbilia ndani ya nyumba.)

Kwetu mahali hapabadiliki, ni ndani ya nyumba kote kuwili, na kitenzi ndicho kilichobadilika kutoka kimbia kuwa kimbilia. Kwao kitenzi kimetulia na nomino ndiyo iliyobadilika. "Al" haipati -n, kwa kuwa yenyewe tayari inaonyesha mwelekeo.

Mwisho kuna muda. Siku na urefu wa wakati hupata -n bila kihusishi: "Dimanĉon mi ripozas", Jumapili napumzika. Sentensi ya mtu wa Mbagala asubuhi ya siku ya kazi itakuwa:

Mi atendis la buson du horojn.

Basi limepata -n kwa sababu ndilo lililosubiriwa, na saa mbili zimepata -n kwa sababu ni urefu wa kusubiri. Sababu ni tofauti, mkia ni mmoja.

Hatua ya 6: Viwakilishi

Ni hivi: mi (mimi), vi (wewe, ninyi), li (yeye mwanamume), ŝi (yeye mwanamke), ĝi (kitu au mnyama), ni (sisi), ili (wao), oni (watu kwa jumla), si (huyohuyo mtenda).

Ni na ili yataendelea kukuchanganya kwa wiki za mwanzo kwa sababu tunayo maneno yenye sura hiyo. Hakuna ujanja, ni mazoezi tu. "Ni estas" ni "sisi ni".

Ongeza -n upate yambwa: min, vin, lin, ŝin. Ongeza -a upate umiliki: mia, via, lia, ŝia, nia, ilia. Umiliki hupatana na kinachomilikiwa, kama -angu na -ake: kitabu changu ni "mia libro", vitabu vyangu ni "miaj libroj", nimeviona vitabu vyangu ni "mi vidis miajn librojn". Chunga jambo moja: "ilia libro" ni kitabu chao, "liaj libroj" ni vitabu vyake. Wingi wa wenye mali uko kwenye kiwakilishi, wingi wa mali uko kwenye -j.

Kwa kuwa vi ni ya mmoja na ya wengi, kivumishi ndicho kinachofichua: "vi estas bona" ni wewe, "vi estas bonaj" ni ninyi. Haina ngazi za heshima. Mzee na mtoto wote ni vi, na heshima yako kwa mzee utaionyesha kwa maneno mengine ya sentensi.

Li na ŝi zinahitaji uangalifu kwa sababu "yeye" yetu haijali jinsia. Ukitafsiri "amefika", simama ujue nani. Baadhi ya waandishi wa sasa hutumia "ri" pale jinsia isipojulikana, ingawa haimo kwenye sarufi ya Zamenhof. Wanyama nao: kwetu mbwa ni wa A-WA, "anabweka", kwao kwa kawaida ni ĝi: "ĝi bojas".

Oni ni ile "wa-" ya mtaani isiyo na mwenyewe. "Wanasema barabara imefungwa": Oni diras, ke la vojo estas fermita.

Si ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana inatatua ugomvi ambao Kiswahili huuacha wazi. "Ali alimpa Juma kitabu chake." Cha nani? Kwao:

Ali donis al Juma sian libron. (kitabu ni cha Ali)
Ali donis al Juma lian libron. (kitabu si cha Ali; ni cha Juma au cha mwingine)

Si hurudi kwa kiima cha kishazi hichohicho, na ni ya nafsi ya tatu tu. "Anajiosha" ni "li lavas sin", lakini "ninajiosha" ni "mi lavas min". Si haiwezi kuwa ndani ya kiima chenyewe: "yeye na mkewe walifika" ni "li kaj lia edzino alvenis", kamwe si "sia edzino".

Hatua ya 7: Sha, ka na wa

Mnyambuliko wetu una wenzake, nao hukaa kati ya mzizi na mkia. -ig- ni -sha: akvo bolas, maji yanachemka, mi boligas akvon, nachemsha maji. -iĝ- ni -ka: rompi, kuvunja, la glaso rompiĝis, glasi imevunjika. Kufa ni "morti", kuua ni "mortigi". Mtu aliyezoea kutofautisha vunja na vunjika hana cha kujifunza hapa zaidi ya herufi.

Kutendwa hutumia "esti" pamoja na -ata kwa kinachoendelea na -ita kwa kilichokamilika. La domo estas konstruata: nyumba inajengwa. La letero estas skribita: barua imeandikwa. Ile "na" ya mtendaji ni "de". Usitumie sana. Waandishi wazuri wa Kiesperanto huchagua "oni" au -iĝ- pale inapowezekana, na mimi nakubaliana nao.

Hatua ya 8: Fungua kifungu kizima

Mwaka 2024, mwezi wa Agosti, kongamano la dunia la Kiesperanto, la 109, lilifanyika Arusha, la kwanza katika ardhi ya Afrika. Wageni wa aina hiyo wanaandika na kuongea kwa kasi, na kinachokuokoa ni kuzoea kuona mikia bila kusimama. Chukua kifungu hiki, funika maelezo yaliyo chini yake, na eleza kila mkia kwa sauti:

Hieraŭ mia fratino iris al Feri kaj aĉetis du grandajn fiŝojn. Ŝi volis porti ilin hejmen per buso, sed la buso haltis, ĉar pluvis. Ŝi telefonis al sia edzo kaj diris, ke ŝi malfruas. "Boligu la akvon," ŝi diris.

Jana dada yangu alikwenda Feri akanunua samaki wawili wakubwa. Alitaka kuwapeleka nyumbani kwa basi, lakini basi likasimama kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Akampigia simu mumewe akamwambia anachelewa. "Chemsha maji," akasema.

"Mia" haina -n kwa kuwa iko kwenye kiima. "Du" imebaki tupu huku wenzake wamevaa -ajn na -ojn. Samaki ni "ilin", kwa sababu ni wengi na wanapelekwa. "Hejmen" ina -n ya kuelekea; angekuwa tayari yuko nyumbani ingekuwa "hejme". "Pluvis" haina kiwakilishi. Mume ni "sia", yaani wa dada mwenyewe. Ingeandikwa "al ŝia edzo", simu ingekuwa imekwenda kwa mume wa mwanamke mwingine. "Malfruas" imebaki -as ijapokuwa simu ilipigwa jana, kwa kuwa ndivyo alivyotamka. Na "boligu" ina vipande vitatu: bol- ya kuchemka, -ig- ya -sha, -u ya amri.

Ukimaliza, badilisha dada awe kaka, samaki awe mmoja, na jana iwe kesho, kisha andika kifungu chote upya.